Seli Shina kwa Gegedu la Goti: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Tangazo la sindano ya kurudisha ujana wa goti likizunguka usiku kwenye makundi ya WhatsApp, asubuhi yake hakosi mtu kwenye benchi la chumba chetu cha tiba ya viungo akiwa ameshika simu. Awe ametoka Kisauni, Likoni au Mji wa Kale, maswali ni yale yale. Haya hapa, na majibu tunayoyatoa.

Nimeambiwa mafuta ya goti yamekauka. Ni kweli?

Aghalabu si kweli. Goti lina ute wake, na goti linalouma mara nyingi huwa na ute mwingi kupita kiasi, ndiyo maana linavimba. Kinachopungua ni gegedu. Ukila paja la kuku, ile ncha nyeupe inayong'aa na kuteleza mwisho wa mfupa ndiyo gegedu. Kwenye goti lako limefunika ncha ya mfupa wa paja, juu ya mfupa wa muundi, na upande wa ndani wa pia ya goti. Unene wake ni kama milimita 2 hadi 4.

Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa hivyo laweza kulika miaka na mikaka bila wewe kuhisi chochote, na siku ukianza kuumwa, wanaouma ni majirani zake: mfupa ulio chini yake na utando unaozunguka goti. Tena likichanika, hakuna damu ya kuliletea mahitaji ya kujiunga upya kama ngozi inavyojiunga. Hili si jambo jipya. Mwanaanatomia William Hunter aliliandika London mwaka 1743, kwamba gegedu likiharibika halirudi. Tiba zote utakazosoma hapa chini ni juhudi za kumpinga Hunter.

Seli shina ni nini, na hutolewa wapi?

Ni seli ambazo hazijajifunga na kazi moja mwilini, zenye uwezo wa kugawanyika na kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Kwa matatizo ya goti, zinazotumiwa hutolewa kwenye uboho wa mfupa wa nyonga, kwenye mafuta ya tumbo, au kwenye kitovu na damu yake baada ya mtoto kuzaliwa.

Zikiwekwa kwenye sahani ya maabara na kulishwa kemikali zinazofaa, seli hizi huweza kweli kugeuka kuwa seli za gegedu. Hapo ndipo matumaini yalipoanzia. Lakini ndani ya goti la mtu mambo ni mengine. Arnold Caplan, mwanasayansi wa Marekani aliyezipa seli hizi jina lao la kitaalamu mwaka 1991, mwenyewe aliandika mwaka 2017 kwamba zikidungwa mwilini, kazi yake kubwa ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe na kuziamsha seli za mwenye mwili, wala si kugeuka kuwa tishu mpya.

Basi zinaotesha gegedu jipya au hazioteshi?

Hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa.

Kuna magoti ya aina mbili. La kwanza ni la kijana aliyejipinda akicheza mpira Serani. Gegedu lake lote ni zima isipokuwa mahali pamoja palipobanduka, pengine pana ukubwa wa sarafu. Hilo tuliite goti lenye shimo. La pili ni la mama wa miaka sitini na mitano ambaye gegedu lake limelika pande zote, mifupa imeota vijipembe, na goti limeanza kupinda kwa nje. Hilo ni goti lililochakaa, yaani osteoathraitisi.

Goti lenye shimo lina tiba za kweli za kujaza shimo hilo, nyingine zikiwa zimefanywa kwa zaidi ya miaka thelathini. Goti lililochakaa, hadi leo, hakuna sindano iliyothibitishwa kulirudishia gegedu lake. Iwe ya seli shina au ya kitu kingine.

Sasa litazame tangazo tena. Picha ya MRI wanayokuonyesha, ya "kabla" na "baada", mara nyingi ni ya kijana mwenye shimo. Anayepigiwa simu aje na pesa ni yule mama. Ushahidi wa goti moja unauzwa kwa mwenye goti jingine. Kabla hujauliza kama dawa inafanya kazi, uliza: goti langu ni lipi kati ya haya mawili? Eksirei ya kawaida, iliyopigwa ukiwa umesimama, hujibu sehemu kubwa ya swali hilo. Madaktari hupima uchakavu kwa madaraja ya 0 hadi 4. Muulize wako uko daraja lipi, uliandike.

Goti lenye shimo hutibiwaje?

Njia rahisi ni kutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa chini ya shimo ili damu na seli za uboho zipande na kuliziba. Ilienezwa na daktari Richard Steadman wa Colorado miaka ya 1980. Ukiitafakari, hiyo nayo ni tiba ya seli shina, ila mgonjwa anajitolea mwenyewe papo hapo. Udhaifu wake ni kwamba kinachoota hufanana zaidi na kovu gumu kuliko gegedu la asili, na hakidumu vile.

Njia ya pili ilianzia Gothenburg, Uswidi. Mwaka 1987 Lars Peterson na wenzake walichukua kipande kidogo cha gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza seli zake maabara kwa wiki kadhaa, kisha wakafungua goti na kuzipanda kwenye shimo. Matokeo ya wagonjwa 23 wa kwanza yalichapishwa mwaka 1994. Toleo lake la siku hizi, ambalo seli hupandwa juu ya kipande cha utando, liliidhinishwa Marekani Desemba 2016. Hizo ni seli za gegedu zilizokwisha komaa, si seli shina. Watangazaji huzichanganya, sijui kwa kutojua au kwa kujua.

Ya tatu ndiyo ya seli shina hasa: Korea Kusini mwaka 2012 iliidhinisha dawa inayotengenezwa kwa damu ya kitovu, ambayo hupandwa na daktari wa upasuaji mahali gegedu lilipoharibika. Hii nayo si sindano ya dakika kumi. Goti linafunguliwa, na mgonjwa hutembelea magongo wiki kadhaa.

Na utafiti kuhusu sindano zenyewe unasema nini?

Utafiti mkubwa ninaomwambia kila mtu ausome ulichapishwa Novemba 2023 kwenye jarida la Nature Medicine. Ulifanywa Marekani kwa watu zaidi ya 470 wenye magoti yaliyochakaa. Waligawanywa makundi: wengine walidungwa uboho wao wenyewe uliokolezwa, wengine seli za mafuta yao ya tumbo, wengine seli za kitovu, na wengine steroidi, ile sindano ya bei nafuu ya siku zote. Baada ya mwaka mmoja, hakuna seli za aina yoyote zilizoishinda steroidi katika kupunguza maumivu. Na MRI hazikuonyesha gegedu lililoota.

Sikiliza vizuri kilichosemwa. Hakikusemwa kwamba waliodungwa seli hawakupata nafuu. Walipata, wengi tu. Ila na wenzao wa steroidi walipata vilevile. Kwa hiyo jirani yako wa Tudor akikuambia alidungwa na sasa anapanda ngazi, hakudanganyi. Lakini nafuu yake haithibitishi kwamba gegedu limeota. Tena maumivu ya goti yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na watu huenda kudungwa yakiwa yamefika kileleni.

Sindano hiyo hupigwaje?

Nitaeleza ile ya uboho, maana ndiyo inayotisha watu. Unalala kifudifudi. Daktari anapapasa nyuma ya kiuno mpaka apate ule mfupa wa nyonga unaojitokeza, anapiga ganzi, kisha anaingiza sindano nene kwa kuizungusha. Ngozi haihisi kitu, lakini uboho unapovutwa unahisi mvuto mzito wa ndani kabisa ambao ganzi haiuondoi wote; huchukua sekunde chache kila mara. Kinachotoka kinafanana na damu nzito yenye vitone vya mafuta. Kinazungushwa kwenye mashine ili seli zijitenge, na mwisho kinabaki kiasi kidogo cha kudungwa kwenye goti.

Kati ya seli za uboho, zilizo seli shina za aina hii ni chache mno, chini ya moja katika elfu kumi. Mwenye kukuahidi "mamilioni ya seli" siku hiyo hiyo, bila maabara ya kuzikuza, muulize amezihesabu kwa kifaa gani.

PRP ndiyo seli shina?

Hapana. PRP ni damu yako iliyozungushwa na kubakishwa sehemu yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda. Haina seli shina za maana. Huenda ikatuliza maumivu kwa baadhi ya watu wenye uchakavu wa mwanzo, ingawa tafiti zinapingana. Ukiona risiti imeandikwa seli shina na kilichochukuliwa ni damu ya mkononi tu, umelipishwa jina.

Ndugu zangu wanataka kunipeleka India. Niende?

Swali hili ni la kila wiki. Watu wa Pwani wana mazoea na hospitali za India na wengi wametibiwa vizuri huko, moyo, figo na mengineyo. Kuhusu goti, India iliidhinisha mwaka 2022 dawa moja ya seli shina za uboho wa watu waliojitolea, kwa magoti yaliyochakaa ya daraja la 2 na la 3. Kwa hiyo kipo kitu halali. Lakini idhini hiyo ni ya dawa hiyo moja, si ya kila kliniki yenye bango.

Kabla ya kukata tiketi, andika barua pepe uulize jina kamili la dawa na namba ya idhini yake, goti la daraja gani ndilo lililoidhinishiwa, na nani atakuangalia ukisharudi Mombasa. Kama uko daraja la 4, mfupa juu ya mfupa, nauli hiyo na hoteli ya wiki mbili ni sehemu kubwa ya gharama ya upasuaji unaoeleweka, wa kubadilishwa goti. Na kama jibu lenyewe linakuja na punguzo la bei ukilipa kabla ya Ijumaa, umeshajibiwa.

Je, Marekani si wameikubali?

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa ajili ya goti wala kiungo kingine. Kliniki za huko zinazouza sindano hizo zipo mamia. Uchunguzi wa bei zao uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta wastani wa dola 5,000 hivi kwa goti moja. Kuuzwa si kuidhinishwa.

Nitajuaje kama kliniki ya hapa Kenya ni halali?

Leseni ya daktari na ya kituo hutolewa na baraza la madaktari, KMPDC, na majina yanatafutika kwenye tovuti yake. Bidhaa ya dawa inayoingizwa nchini ni kazi ya Bodi ya Dawa na Sumu. Vitu hivi ni viwili tofauti: daktari anaweza kuwa na leseni safi na kichupa alichoshika kisiwe na usajili. Ukiambiwa unaingizwa kwenye utafiti, basi kuwe na kibali cha kamati ya maadili, fomu ya ridhaa unayopewa uende nayo nyumbani ukaisome, na kwa kawaida mshiriki halipishwi dawa inayofanyiwa majaribio. Utafiti wa kulipia laki kadhaa ni biashara.

Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, au bima ya kazini, usikubali jibu la mdomo. Omba barua kabla ya kulipa.

Ni hatari?

Seli zako mwenyewe, zikitolewa na kurudishwa siku hiyo hiyo kwa usafi, hatari yake si kubwa: goti kuuma na kuvimba siku kadhaa, maumivu pale nyongani. Hofu kubwa ni vijidudu kuingia ndani ya kiungo. Mwaka 2018 huko Marekani watu 12 walilazwa hospitalini baada ya kudungwa bidhaa ya damu ya kitovu iliyokuwa na bakteria. Bidhaa hiyo ilitoka kiwandani ikiwa imechafuka, kwa hivyo hata daktari msafi asingeweza kuwaokoa.

Wenye kisukari, na hapa kwetu ni wengi, wamwambie daktari mapema. Kidonda na maambukizi huwasumbua zaidi. Na wakichagua steroidi badala ya seli, sukari yaweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano, kwa hivyo wapime nyumbani. Steroidi yenyewe si ya kudungwa kila mara: utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliodungwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi.

Seli za kitovu zinatoka kwa mimba zilizotolewa? Kidini ni sawa?

Kitovu na damu yake huchukuliwa baada ya mtoto kuzaliwa salama, kwa idhini ya mama. Ni vitu ambavyo vingetupwa au kuzikwa. Tiba za goti tulizozitaja hazitumii viinitete. Hukumu ya kidini si yangu kuitoa. Mpelekee sheikh au mchungaji wako maelezo haya kamili, pamoja na swali la kama kuna tishu za mnyama kwenye vifaa vya maabara, jambo ambalo watu husahau kuliuliza.

Mbona seli shina hutibu selimundu, goti lishindikane?

Kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kinachofanywa ni kupandikiza uboho, na uboho kazi yake ni kutengeneza damu: unapanda kitu mahali pake pa asili kifanye kazi yake ya asili. Tiba hiyo imethibitika kiasi kwamba E. Donnall Thomas alipewa Tuzo ya Nobel kwa upandikizaji wa uboho mwaka 1990. Goti halina bahati hiyo.

Sasa mimi mwenye goti lililochakaa nifanye nini?

Najua ulitarajia sindano. Lakini kilicho na ushahidi mzito kuliko sindano zote tulizozizungumza ni misuli ya mbele ya paja. Keti kwenye kiti kigumu, nyoosha mguu mmoja mpaka goti lilale sawa, kaza paja, hesabu mpaka kumi polepole, shusha. Rudia mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni, kwa miezi mitatu. Kisha ongeza kuinuka kwenye kiti bila kushika mikono. Wiki ya kwanza utanung'unika. Maumivu madogo wakati wa zoezi hayaharibu goti. Yakizidi mpaka kesho yake, punguza.

Uzito nao. Kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kilo tano tu zinahisika kwenye mteremko wa feri ya Likoni.

Halafu angalia nyumba yako. Mbuzi ya kukunia nazi ni adui wa goti lililochakaa: unakaa chini kabisa, magoti yamekunjwa juu ya kiuno, na unasukuma kwa nguvu robo saa nzima. Peleka nazi zako kwenye mashine sokoni, au mwachie mjukuu. Anayeswali na kuumwa akisujudu aswali kwenye kiti. Nimewaona wazee wakijitesa kwenye mkeka kwa kuona haya tu. Bakora ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti bovu. Wengi huishika upande ule ule.

Hijama, habasoda, kuchuliwa?

Kuchuliwa na mafuta ya vuguvugu hutuliza, na si vibaya, almradi goti halina joto wala wekundu. Gegedu hayaoteshi. Ukienda kuumikwa, hakikisha nyembe ni mpya, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usiende.

Kubadilishwa goti si ndiyo mwisho wa mtu?

Si hivyo. Kwa goti la daraja la 4 lisilomwachia mtu kulala, upasuaji huo ndio wenye rekodi nzuri kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Uchambuzi wa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba magoti ya bandia yapatayo 82 kati ya 100 bado yako kazini baada ya miaka 25. Kupiga magoti chini kunaweza kubaki na ugumu, na mazoezi ya wiki sita za kwanza si mzaha. Asiyeyafanya goti humgandia.

Nimeshadungwa, na leo ni siku ya tatu goti limevimba, lina joto na nina homa. Ningoje?

Usingoje hata kesho. Goti lenye vijidudu ndani yake laweza kuharibika kwa siku chache. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu nawe, iwe mchana au usiku, ukiwa na risiti na jina la kilichodungwa, na ikiwezekana picha ya kichupa chenyewe. Usilichue, usilipake dawa ya moto, na usimeze vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani kabla daktari hajavuta ute wa goti na kuupeleka maabara, kwa sababu vidonge hivyo vinaweza kuwaficha vijidudu vinavyotafutwa. Kliniki iliyokudunga ipigie simu ukiwa njiani.